Kuchagua Mtambo wa Umeme wa Ardhini kwa Ndege ya Injini Mbili za Pistoni: Mwongozo Kamili kwa Watumiaji wa Nyanda za Juu Kusini

Yeyote anayetunza ndege ya injini mbili za pistoni katika Uwanja wa Songwe, nje ya jiji la Mbeya, au pale Nduli, Iringa, hufika wakati akahitaji umeme usiotoka kwenye betri ya ndege yenyewe. Huenda ndege imelala nje siku kadhaa za baridi na betri imelegea, au fundi ameipandisha kwenye jeki na anataka kukunja na kushusha magurudumu mara nyingi mfululizo bila kumaliza chaji. Kifaa kinachofanya kazi hiyo ni mtambo wa umeme wa ardhini, ambao viwanjani hufahamika zaidi kwa herufi zake tatu za Kiingereza, GPU (ground power unit).

Wanunuzi wengi huanza na tarakimu kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa mtambo, yaani ampea za kilele, wakidhani kwamba mwenye ampea nyingi zaidi ndiye bora zaidi. Kwa ndege za turbini tarakimu hiyo ina uzito wake, kwa sababu kuwasha turbini huweza kudai ampea 1,000 na kuendelea. Kwa injini ya pistoni, mambo yanayoamua ni volti sahihi, ampea ambazo mtambo unaweza kuzitoa kwa saa nzima bila kupata moto, na hali ya umeme wa mahali utakapoutumia. Mpangilio ufuatao ndio ambao ningeufuata mimi kama ningekabidhiwa fedha za kununua mtambo mmoja kwa ajili ya hanga moja.

Hatua ya kwanza: isome ndege kabla ya kusoma katalogi

Fungua mwongozo wa uendeshaji wa ndege yako, sehemu inayoeleza mfumo wa umeme, kisha nenda kwenye ndege yenyewe ukasome kibao kilichobandikwa karibu na tundu la umeme wa nje. Unachotafuta kwanza ni volti. Ndege za injini mbili za pistoni zimegawanyika katika makundi mawili: zenye betri ya volti 12, ambazo alteneta yake huchaji kwa takriban volti 14, na zenye betri ya volti 24, ambazo huchaji kwa takriban volti 28. Piper Aztec na Twin Comanche zilitengenezwa kwa mfumo wa volti 12, ilhali Cessna 402, Piper Navajo, Beechcraft Baron 58 na Britten-Norman Islander ni za volti 24. Hata hivyo, usiamini orodha hii wala ya mtu mwingine yeyote kuliko kibao cha ndege yako, kwa kuwa nyingi kati ya ndege hizi zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa na zimefanyiwa marekebisho ambayo yameandikwa kwenye kumbukumbu zake za matengenezo tu.

Msisitizo huu una sababu. Plagi ya kawaida ya umeme wa nje ina pini tatu zilizopangwa mstari mmoja: kubwa mbili na ndogo moja. Plagi hiyohiyo imewahi kuwekwa kwenye ndege za volti 24 na kwenye baadhi ya ndege ndogo za volti 12, kwa hiyo kuingia kwake vizuri tunduni si uthibitisho wa lolote. Mtambo wa volti 28 ukiungwa kwenye ndege ya volti 12, redio zinaweza kuungua kabla mtu hajanusa moshi, na betri itaanza kuchemka. Wapo wanaojifariji kwamba ndege ina kinga ya volti kupita kiasi. Kinga hiyo ipo kweli, na kwenye mfumo wa volti 28 aghalabu hukata inapofika volti 31 au 32, lakini kazi yake ni kuitenga alteneta. Umeme unaoingia kupitia tundu la nje haupiti kwenye kinga hiyo, kwa hiyo usiitegemee.

Baada ya volti, andika umbo la tundu na mahali lilipo. Ndege nyingi ndogo za Piper hutumia plagi ya duara yenye pini moja, ambapo pini ya katikati ni chanya na gamba la nje ni hasi. Kwenye plagi ya pini tatu, pini kubwa ya pembeni ni hasi, kubwa ya katikati ni chanya, na ile ndogo nayo ni chanya. Kuhusu mahali, baadhi ya ndege zina tundu puani, nyingine kwenye kasha la injini, hatua chache tu kutoka kwenye propela. Jambo hili la mwisho litaamua urefu wa kebo utakaonunua na injini utakayoiwasha kwanza, na tutalirudia.

Hatua ya pili: amua mtambo utafanya kazi gani

Kuwasha injini na kuhudumia ndege ikiwa imesimama ni kazi mbili tofauti, na tofauti yake huonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Chukua kwamba stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, hunyonya kwa injini moja wastani wa ampea 200 kwa sekunde 10. Hizo ni ampea-sekunde 2,000, na ukigawanya kwa 3,600 unapata takriban ampea-saa 0.56 tu. Hata ukijaribu kuwasha kila injini mara tatu, jumla haifiki ampea-saa 4. Sasa mchukue fundi wa vyombo vya mawasiliano anayefanya kazi ndani ya chumba cha rubani kwa saa mbili, huku redio, skrini na taa zikinyonya ampea 30: huyo peke yake ametumia ampea-saa 60.

Kwa hiyo kuwasha kunadai nguvu kubwa kwa muda mfupi sana, na nishati yake ni ndogo. Matengenezo yanadai nguvu ndogo kwa muda mrefu, na nishati yake ni nyingi. Kifaa kidogo cha betri cha kubeba mkononi kinaweza kuwasha injini zote mbili bila taabu, kisha kikamaliza chaji kabla fundi hajamaliza kukagua redio ya kwanza. Kadhalika, kibadilishi cha umeme wa ukutani cha ampea 50 kinaweza kumhudumia fundi kutwa nzima, lakini kikakata mara tu stata inapoguswa.

Kaa na fundi wako na marubani wako mwandike, kwa uaminifu, ni mara ngapi kwa mwezi kila kazi hutokea. Katika hanga nyingi ndogo utagundua kwamba matengenezo, kusasisha data za vyombo, kufundishia wanafunzi na kujaribu flapu na magurudumu huchukua saa nyingi kuliko kuwasha injini. Ikiwa unahitaji msaada wa kuwasha kila wiki, tatizo lako si ukosefu wa GPU. Ni betri iliyochoka, ni alteneta isiyochaji vizuri, au ni mafuta ya injini.

Kuhusu mafuta: asubuhi za Juni na Julai Mbeya na Iringa huweza kushuka chini ya nyuzi joto 10, na Njombe na Makete hupata baridi kali zaidi. Baridi hii haifikii kiwango cha kulazimu injini kupashwa moto kabla ya kuwashwa, kwa sababu Lycoming hutaja nyuzi 12 chini ya sifuri kwa injini zake nyingi, na Continental nyuzi 7 chini ya sifuri. Hata hivyo, mafuta ya daraja moja yenye unene wa SAE 50, ambayo yanafaa kabisa Dar es Salaam, huwa mazito saa kumi na mbili asubuhi pale Songwe, na stata hulazimika kuyasukuma kwa betri ambayo nayo imepungukiwa nguvu kwa baridi ileile. Ikiwa mwongozo wa injini yako unaruhusu mafuta ya daraja mchanganyiko, kuyabadilisha kutakupunguzia matatizo mengi kwa gharama ndogo kuliko mtambo wowote.

Hatua ya tatu: pima ampea za stata yako

Makadirio yanafaa kwa kupangia tu. Kabla ya kununua, mwombe fundi mwenye leseni apime kwa klampu mita (kipimo kinachobana waya kwa nje) inayosoma umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, na yenye uwezo wa kushika kilele. Mita za klampu zinazouzwa kwa wingi kwenye maduka ya umeme mara nyingi husoma ampea za AC, yaani umeme kama wa ukutani, peke yake, hivyo hakikisha alama ya DC ipo kwenye upande wa ampea, kwa kuwa alama ya DC iliyo upande wa volti haikusaidii.

Klampu huwekwa kwenye waya mnene unaotoka betrini, injini ikiwa baridi na asubuhi ikiwa bado mbichi. Swichi ya stata inapobonyezwa, tarakimu huruka ghafla hadi mamia ya ampea kwa sehemu ya sekunde, wakati mota bado haijaanza kuzunguka, halafu hushuka na kucheza huku propela ikipanda na kushuka kwenye kila mgandamizo wa silinda. Andika tarakimu mbili: kilele cha mwanzo na wastani wa mzunguko. Andika pia volti za betri wakati huohuo. Mfumo wa volti 12 utaonyesha ampea nyingi kuliko wa volti 24 kwa injini ya ukubwa uleule, kwa sababu kazi ni ileile na volti ni nusu.

Mtambo unaofaa ni ule ambao kilele chake kinazidi kilele ulichopima kwa nafasi ya kutosha. Mimi hupendelea ziada ya theluthi. Kuwa na mtambo wenye uwezo mkubwa zaidi hakuiumizi stata, kwa kuwa stata hunyonya inachohitaji katika volti iliyopewa. Kinachoweza kuumia kwa mtambo wenye nguvu nyingi ni betri ya ndege iliyoisha, nayo tutaifikia.

Hatua ya nne: chagua chanzo cha umeme

Hapa ndipo mahali ulipo panapoamua zaidi kuliko katalogi. Kuna mitambo inayobadilisha umeme wa gridi, mitambo yenye injini yake, mitambo ya betri, na michanganyiko ya betri na kibadilishi.

Anza na umeme wa gridi. Umeme wetu ni volti 230 kwa hezi 50. Mtambo uliotengenezwa kwa soko la Marekani, wa volti 120 na hezi 60, haufai hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa, isipokuwa kibao chake kinasema wazi kwamba unakubali vyote. Kisha fanya hesabu ya mzigo. Kutoa ampea 300 kwa volti 28.5 ni wati 8,550, na kwa ufanisi wa asilimia 85 mtambo utavuta ukutani takriban wati 10,060, ambazo kwa volti 230 ni karibu ampea 44. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hutoa wati 2,990 tu. Maana yake, kuwasha injini kwa umeme wa gridi pekee kunahitaji laini maalumu, na kwa kawaida ya fezi tatu, jambo ambalo hanga nyingi ndogo hazina. Kwa upande mwingine, ampea 50 za matengenezo ni wati 1,425, ambazo ukutani ni chini ya wati 1,700, na soketi yako inazibeba bila wasiwasi.

Mitambo yenye injini ya petroli au dizeli humvutia mtu anayefika viwanja vya vumbi visivyo na umeme, na huko ina nafasi yake. Tatizo ni mwinuko. Nduli na Songwe vyote viko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Katika mita 1,400 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribia hiyo. Mtambo ulioandikwa kilowati 10 kule kiwandani usiuhesabie zaidi ya 8.5 hapa. Hali ni hiyohiyo kwa jenereta utakayotaka kuilisha GPU ya umeme wa ukutani: wati 10,060 zilizotajwa hapo juu, kwa kipeo cha nguvu cha 0.8, ni karibu kVA 12.6 (kVA ni kipimo kinachoandikwa kwenye jenereta), na ukiongeza upungufu wa mwinuko unafika kVA 15. Muuzaji wa Dar es Salaam anayekuambia kVA 13 inatosha anaongea kweli kwa Dar es Salaam.

Hata vifaa visivyo na injini huguswa na mwinuko, kwa sababu hewa nyepesi hupoza kidogo. Watengenezaji wengi wa vibadilishi hutoa viwango vyao hadi mita 1,000, na juu ya hapo hutaka ampea za kudumu zipunguzwe. Mwulize muuzaji kwa maandishi: ampea za kudumu ni ngapi katika mita 1,500? Jibu lake litakuonyesha kama anakijua kifaa anachokiuza.

Kuhusu betri, za risasi zilizofungwa, zisizomwaga asidi, ni nzito na ni rahisi kupatikana. Hupungua uwezo kwa baridi, lakini hustahimili kuchajiwa na chaja za kawaida. Za lithiamu ni nyepesi sana, jambo linalomfaa anayesafiri na kifaa chake ndani ya ndege. Zina masharti mawili: hazipaswi kuchajiwa joto likiwa chini ya sifuri, na zinahitaji mfumo wa ndani wa kuzilinda ambao lazima uwe na uwezo wa kuruhusu ampea za kuwashia. Zipo betri za lithiamu za sola ambazo mfumo wake wa ulinzi hukata zikizidi ampea 100. Hizo hazitawasha injini hata ziwe kubwa namna gani.

Maoni yangu, kwa hanga ya Songwe au Nduli yenye ndege moja au mbili za pistoni, ni kuchukua mchanganyiko: kitoroli chenye betri kwa ajili ya kilele, pamoja na kibadilishi cha ampea 40 au 50 kinachochomekwa kwenye soketi ya kawaida kwa ajili ya kazi ndefu. Umeme ukikatika fundi hapotezi kazi, stata inapata ampea zake kutoka betrini, na hakuna haja ya kuomba laini ya fezi tatu. Betri ya ampea-saa 60, ukiitumia nusu yake ili idumu, inakupa saa moja ya ampea 30 bila gridi, na chaja ya ampea 10 itairudisha kwa saa nne au tano.

Swali huulizwa kila mara: kwa nini tusiunganishe betri mbili za Fuso kwa waya za jampa kama tunavyobusti magari? Betri hizo zina nguvu ya kutosha, hilo halina ubishi. Kinachokosekana ni plagi sahihi, fyuzi, na namna ya kuzuia chanya na hasi kubadilishana mikononi mwa mtu mwenye haraka. Mbaya zaidi ni pale lori linapoachwa likiunguruma huku limeunganishwa, kwa maana alteneta yake hutoa mawimbi ya volti ambayo vyombo vya ndege havikuundwa kuyapokea.

Hatua ya tano: kebo na plagi

Sehemu hii hupuuzwa na wauzaji na wanunuzi vilevile, na ndiyo inayofanya mtambo mzuri uonekane dhaifu. Kila mita ya kebo hula volti, na kebo huhesabiwa kwenda na kurudi. Shaba ina ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa mita moja ya waya wenye milimita moja ya mraba. Kebo ya mita 6 yenye milimita 50 za mraba, yaani mita 12 za shaba kwenda na kurudi, itakuwa na ukinzani wa omu 0.0042, na kwa ampea 300 itapoteza volti 1.26. Badili uweke kebo ya milimita 25 na urefu wa mita 10, hasara inakuwa volti 4.2. Kwa mtambo wa volti 28.5 huo ni upungufu unaoonekana, na kwa mfumo wa volti 12 stata haitazunguka kwa kasi inayotakiwa.

Usikubali basi kebo ndefu kwa sababu tu ni rahisi kuivuta. Mita 5 hadi 6 zinatosha ikiwa kitoroli kinaweza kusogezwa upande salama wa ndege. Dai kebo ya nyuzi laini nyingi, yenye gamba la mpira linalostahimili mafuta na petroli ya ndege, kwa maana kebo ya kawaida ya nyumba hukakamaa kwa baridi na kupasuka.

Plagi yenyewe iangalie kwa jicho la karibu. Ndani ya mpira kuna mikono ya shaba iliyopasuliwa kwa urefu ili ibane pini. Plagi nzima huhitaji nguvu kuingia na nguvu kutoka. Ikiingia kwa ulaini kama mguu kwenye ndala, mikono imelegea, na mguso huo dhaifu ndio utakaopata moto. Tazama rangi: shaba inayong'aa au iliyofifia kidogo haina neno, lakini weusi wenye vishimo vidogo ni dalili ya cheche. Pini ndogo ya tatu ni fupi kuliko zile mbili kwa makusudi, kwani hiyo ndiyo inayoiamuru relei ya ndege, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ifunge na kupitisha umeme. Unapochomoa plagi, pini hiyo huachana kwanza, relei inafunguka na kukata umeme, na pini kubwa hutoka zikiwa hazina mzigo. Wapo mafundi wa mtaani wanaotengeneza plagi ya kuchonga na kuifanya pini ya tatu iwe na urefu sawa au kuiruka kabisa. Plagi ya namna hiyo haifai hata kwa dharura.

Hatua ya sita: kinga na ubora wa umeme

Mtambo uwe na mambo yafuatayo, na kila moja lionekane kwenye maandishi ya mtengenezaji. Uwe na kikata volti zikizidi kiwango, kikifanya kazi upande wa kutokea, ili ndege ilindwe na mtambo wenyewe. Uwe na kinga ya chanya na hasi kubadilishwa. Uwe na swichi ya kutoa umeme iliyo mbali na plagi, ili mtu aweze kuchomeka kukiwa hakuna umeme, kisha ndipo auruhusu. Uwe na mita ya volti na ya ampea zinazosomeka juani.

Volti za kutoka zikiwa zimedhibitiwa ziwe karibu na 28.5 kwa ndege ya betri ya volti 24, au 14.25 kwa ndege ya volti 12. Mtambo wenye swichi ya kuchagua volti hizo mbili unavutia kwa mwenye ndege za aina zote, ila swichi hiyo ndiyo hatari niliyoieleza mwanzoni. Ukiununua, chagua ule ambao kila volti ina kebo yake na plagi yake, au walau swichi yake ina kifuniko cha kufuli.

Usafi wa umeme nao ni muhimu. Chaja za gereji na mashine za kuchomelea hutoa DC yenye mawimbi makubwa, ambayo betri ya gari huyavumilia lakini redio na skrini za kisasa haziyavumilii. Mtengenezaji wa GPU halisi hutaja ukubwa wa mawimbi hayo. Asipoutaja, uliza.

Vumbi la Agosti hadi Oktoba na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili zinahitaji kasha linaloziba vizuri. Kiwango cha kuziba vumbi na maji cha IP54 kinafaa kwa kifaa kitakacholala nje; cha IP23 kibaki chini ya paa.

Hatua ya saba: usafirishaji na vibali

Omba bei inayojumuisha mzigo hadi hangani, ushuru, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwani bei ya kiwandani peke yake haikuambii kitu. Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, kwa namba ya UN3480, haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo husafirishwa chaji ikiwa haizidi asilimia 30, kwa hiyo mara nyingi zitakuja kwa meli. Kutoka bandarini hadi Mbeya mzigo utapanda mlima wa Kitonga na kutikisika njia nzima. Dai fremu ya mbao na betri za risasi zifungwe kando. Kabla ya kukiweka kifaa kwenye maegesho ya ndege, zungumza na ofisi ya uwanja kuhusu mahali pa kukiegesha, kizima moto, na nani anaruhusiwa kukiendesha.

Hatua ya nane: jaribio la kupokea

Usilipe malipo ya mwisho kabla ya jaribio. Pima volti kwenye ncha ya plagi pasipo mzigo. Kisha weka mzigo wa kudumu ulio sawa na ampea zilizoandikwa, uuache kwa saa nzima, na upime tena volti kwenye ncha ileile na joto la kebo kwa kiganja. Mtambo unaodai ampea 50 za kudumu na kujizima dakika ya 20 urudishwe. Baada ya hapo jaribu ndege, ukifuata mwongozo wake neno kwa neno.

Neno kwa neno, kwa sababu ndege hazifanani. Baadhi ya miongozo hutaka swichi ya betri izimwe wakati wa kuunga umeme wa nje. Mingine hutaka iwashwe, ili betri imeze miruko ya volti. Yote hutaka vyombo vya mawasiliano vizimwe hadi injini itulie. Anza na injini iliyo mbali na tundu. Ikiwa tundu liko kwenye kasha la injini ya kushoto, washa ya kulia, zima umeme wa mtambo, mtu achomoe plagi akitokea upande wa nyuma au nje ya bawa kama mwongozo unavyoelekeza, ndipo uwashe ya kushoto kwa umeme wa ndege yenyewe. Pasiwe na mtu anayepita mbele ya propela kwa kisingizio cha kuokoa hatua tano. Heshimu pia mapumziko ya stata: baadhi ya stata nyepesi huruhusu sekunde 10 za kuzungusha na sekunde 20 za kupoa, na umeme wa nje usioisha humshawishi rubani kusahau mipaka hiyo. Wakati wa kujaza mafuta, mtambo uwe umezimwa na kuchomolewa.

Betri iliyokufa kabisa

Kuna hali moja ambayo mtambo bora kuliko yote haupaswi kutumika kuondoa ndege. Betri iliyolegea kidogo inaweza kusaidiwa. Betri iliyokufa, ambayo haiwezi hata kufunga relei yake, inapaswa kutolewa, kuchajiwa taratibu kwa chaja yake, na kupimwa uwezo kabla ya kurudishwa. Ukiisukumia volti 28.5 kutoka mtambo wenye ampea nyingi, itazinyonya bila mpaka na kupata joto. Ukifanikiwa kuwasha, alteneta zitaanza safari zikiwa zimebebeshwa mzigo mzito wa kuichaji. Na zikishindwa angani, betri hiyo ndiyo iliyohesabiwa kukupa redio na taa hadi utue. Kwa anayevuka milima ya Uporoto au Udzungwa kukiwa na mawingu, hesabu hiyo haina nafasi ya kukadiria.

Fundi aandike kila tukio la kutumia umeme wa nje kwa kuwasha: tarehe, volti za betri kabla, na injini ipi ilisumbua. Plagi ikaguliwe kila ukaguzi wa saa 100 wa ndege, na mikono yake ya shaba ibadilishwe inapolegea, kwani bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya tundu la ndege lililoungua.